Matandiko ya simbilisi hapa Mwanza: pumba, maranda au karatasi? Uliza kwanza yametoka wapi

Mkuu, nimekusoma. Una simbilisi (wale wanaoitwa guinea pig kwa Kiingereza) wanne huko Buswelu, kizimba umekitandika pumba za mpunga kutoka mashineni, wawili wanapiga chafya kila asubuhi na mmoja nyayo zimekuwa nyekundu. Fundi seremala jirani amekwambia uchukue maranda yake bure, nawe unauliza kama maranda ni salama. Jibu linategemea fundi huyo jana alikuwa anaranda mbao gani. Gunia mbili za maranda zinazofanana kabisa kwa macho, moja inaweza kuwa tandiko zuri na nyingine ikawa sumu.

Tuanze na pumba, maana ndizo zinazowaumiza sasa hivi. Kanda ya Ziwa zinapatikana kirahisi mno: mpunga wa Magu, Misungwi na Kwimba unakobolewa kila kona na maganda yanabaki lundo. Kuku wanazivumilia kwa sababu kinyesi chao si majimaji sana na wao wenyewe wanaparura na kugeuza tandiko siku nzima. Simbilisi haparuri. Anakojoa sana, anatembea tumbo likikaribia kugusa chini, na nyayo zake hazina manyoya. Ganda la mpunga lina ncha kali pande zote mbili, na ukilichoma, karibu moja ya tano ya uzito wake hubaki majivu ambayo takriban yote ni silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo. Juu ya hapo halinyonyi maji. Mkojo unapita katikati ya maganda, unatuama chini kwenye ubao, huku juu unaona pakavu ukadhani hali ni njema. Mnyama anasimama juu ya ncha zinazomkwaruza, bakteria wa chini wanaingia kwenye mikwaruzo, na wekundu wa leo unakuwa kidonda cha mwezi ujao.

Lipo pia la panya wa mtaani. Lundo la pumba nje ya mashine ni makazi yao, na mkojo wao ndio unaobeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa uleule ulioua watu Lindi mwaka 2022. Watoto wako ndio wanaoingiza mikono kwenye tandiko hilo. Hata kwa hilo peke yake ningeziacha pumba za lundo.

Sasa maranda. Kabla ya kujaza gunia muulize fundi maswali haya, na asipokuwa na uhakika na lolote, usichukue.

Je, kuna mbao za dawa? Mbao nyingi za kupaulia zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki, na rangi yake ya kijani hupauka, kwa hiyo usitegemee macho. Simbilisi hula tandiko lake kidogo kidogo kila siku, hasa anapookota vile vinyesi laini anavyovirudia kula. Aseniki itaingia tumboni moja kwa moja. Karakana inayoranda mbao za paa na mbao za samani kwenye mashine moja ihesabu kwamba imeshachanganya.

Je, wanakata plaiwudi au MDF, yaani mbao za unga wa mti ulioshindiliwa? Zile zimeshikanishwa kwa gundi yenye fomaldehaidi, kemikali inayowasha pua na macho, na vumbi lake ni laini kama unga wa sembe. Na kuna msasa uliopigwa kwenye samani yenye vanishi? Vumbi hilo huangukia sakafu ileile na kufagiliwa pamoja na maranda.

Ni mti gani? Mvule ukatae, vumbi lake linajulikana kuwasha ngozi na kubana kifua cha mafundi wenyewe, sembuse mnyama wa kilo moja anayelala juu yake. Mkaratusi una mafuta yenye harufu kali, uache pia. Mninga na mkongo siipendekezi kwa sababu maranda yake hutoka na vumbi jingi. Kinachobaki kwa wingi hapa kwetu ni msindano, ambao mafundi wengi wanauita paini, unaotoka Rubya kule Ukerewe, Buhindi upande wa Buchosa, au Sao Hill huko Mufindi.

Kuhusu msindano watu hubishana sana, na kila upande una chembe ya ukweli. Mbao mbichi za jamii hiyo zina fenoli, kemikali za asili za mti zenye harufu kali, na mafuta ya utomvu. Mwaka 1967 mtafiti Vesell wa Marekani alionyesha kwamba panya waliolazwa juu ya maranda ya mwerezi mwekundu na ya misindano ya kwao waliamka mapema kuliko wenzao baada ya kupewa dawa ya usingizi. Maini yao yalikuwa yamechochewa kuivunja dawa haraka zaidi. Maana yake mvuke wa mti unaingia mwilini na kulifanyisha ini kazi ya ziada. Lakini fenoli hupungua sana kwa joto na hewa, ndiyo maana wanaouza maranda ya wanyama ughaibuni huyakausha kwa tanuri kwanza. Msimamo wangu: maranda ya msindano uliokauka, yaliyoanikwa mpaka harufu ya utomvu iishe, yanafaa kwa simbilisi wazima wenye afya katika kizimba kinachopitisha hewa. Kwa wachanga, kwa wenye mimba na kwa anayepiga chafya, tumia karatasi.

Halafu tofautisha maranda na unga wa msumeno. Maranda ni yale mapana yanayojikunja, yanayotoka kwenye randa. Unga wa msumeno usiutumie hata ukiwa wa mti mzuri namna gani: unaingia puani, unaganda kwenye macho, na kwa madume hujikusanya ndani ya ngozi ya uume pamoja na mkojo mpaka kunavimba.

Kuyaandaa. Simama upepo ukitokea nyuma yako, funga pua kwa barakoa. Tengeneza chekeche kwa fremu ya mbao na wavu wa mbu wa dirishani, wa waya, si wa nailoni, maana wa nailoni unalegea. Weka maranda kiasi cha nusu ndoo kwa mara moja na utikise dakika mbili au tatu. Mwaga juu ya turubai kwa unene usiozidi sentimita 3, anika siku 3 hadi 5 za jua kali, geuza asubuhi na mchana, na yaingize ndani kabla ya umande. Chekecha tena mara ya pili, kwa sababu yakikauka yanavunjika na kutoa vumbi jipya. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa na wengi, kisha wanalalamika kwamba maranda nayo yanaleta chafya.

Kipimo cha mwisho: chukua chupa kubwa angavu ya maji ya dukani ikiwa tupu na kavu, ijaze maranda hadi nusu, funga, tikisa mara kumi, iweke kwenye mwanga. Ukiona wingu linaelea baada ya sekunde kumi, rudisha kwenye chekeche. Kisha zika pua kwenye kiganja kilichojaa. Ukisikia utomvu, rudisha juani.

Kiasi gani? Kizimba cha sentimita 120 kwa 60, kinachotosha simbilisi wawili, kikitandikwa unene wa sentimita 6 kinahitaji kama lita 43, yaani ndoo mbili za lita 20 na kidogo. Wewe una wanne, hivyo eneo liwe kubwa zaidi na maranda yaongezeke kwa kadiri hiyo. Ukipunguza unene ili kubana matumizi unapoteza, kwa sababu tandiko jembamba linalowa lote usiku mmoja.

Mpangilio ninaouamini ni huu: chini kabisa gazeti kurasa nane au katoni isiyo na picha za kung'aa, katikati maranda, juu nyasi kavu, na upande mmoja uzirundike hadi sentimita 10 ili wapate pa kujificha. Nyasi hizo watazila, na ni sawa, kwa hiyo nazo ziulize zilikotoka. Usikate kando ya barabara wala pembeni ya shamba la pamba au bustani iliyopuliziwa dawa. Epuka zenye mashuke yenye ndevu, hutoboa macho. Zikauke mpaka ukipinda bua linavunjika kwa mlio. Likipinda tu kimya kimya, bado lina maji na litaota ukungu ndani ya gunia.

Karatasi ndiyo chaguo la kwanza kwa wagonjwa. Chana gazeti au karatasi za ofisi vipande vya upana wa kidole, toa pini zote za stepla, tupa kurasa nene za kung'aa. Udhaifu wake ni kwamba inalala bapa ikilowa na haizuii harufu, kwa hiyo utaibadilisha kila siku moja au mbili. Kitambaa cha flisi nacho ni kizuri sana kwa nyayo zilizoumia. Mablanketi yake yanapatikana kwenye mitumba pale Mlango Mmoja. Kifue mara tatu au nne kabla ya kukitumia ili kipitishe mkojo badala ya kuuacha uelee juu, usikitie dawa ya kulainisha nguo, na chini yake weka taulo kuukuu linalonyonya. Fagia vinyesi mara mbili kwa siku, fua kila baada ya siku tatu. Wakianza kukitafuna na kumeza, kiondoe.

Vya kuacha kabisa: pamba, ingawa kwetu ni zao la nyumbani, kwa sababu nyuzi zake hujifunga kwenye vidole na miguu ya wachanga na zikimezwa huziba utumbo. Mchanga wa paka unaoganda, kwa sababu utaganda hivyohivyo tumboni. Magugu maji yaliyokaushwa, kwa sababu bua lake ni kama sponji, halikauki hadi ndani, na mmea wenyewe hufyonza metali nzito kutoka ziwani. Gunia lililowahi kubeba dagaa usilihifadhie tandiko. Mafuta yake hayatoki kwa kufua mara moja na sisimizi watalifuata mpaka kizimbani.

Naomba uzingatie hili la majivu na chokaa, maana nimeona wadau wawili humu wamekushauri unyunyize chini ili kukata harufu. Usifanye. Mkojo ukivunjwa na bakteria hutoa amonia. Kwenye uchachu sehemu kubwa hubaki imefungwa ndani ya unyevu, lakini ukiongeza majivu au chokaa, ambavyo ni alkali, amonia inafunguka na kupaa kama gesi. Unakuwa umeisukuma puani mwa mnyama. Tena chokaa huunguza nyayo. Harufu huondolewa kwa kuondoa kilicholowa: kila asubuhi toa kona wanayokojolea, na kila baada ya siku nne au tano badilisha lote. Kabla ya kutoa, inama mpaka pua yako ifike usawa wa pua zao uvute hewa. Ukisikia ukali, umechelewa, punguza siku.

Utando mweupe unaobaki kwenye ubao ni chokaa ya mkojo wao wenyewe. Weka siki, acha dakika 20, sugua, suuza. Dawa ya klorini itumie siku nyingine na baada ya kusuuza kabisa. Ikikutana na siki au na mkojo hutoa gesi ya hatari hata kwako.

Msimu wa mvua, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, anika akiba ya wiki tatu mapema na uihifadhi kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Kizimba kiinue juu ya matofali, kisiguse sakafu ya saruji wala ukuta ulioegemea mwamba, kwani huvuta unyevu usiku. Na usikiweke chini ya taa inayowaka usiku: wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi hufia hapo na kuoza ndani ya tandiko.

Kwa wanaofuga wengine: hamsta anahitaji kina cha sentimita 20 na zaidi achimbe, panya weupe wape karatasi, mapafu yao hayastahimili amonia hata kidogo, vipanya wadogo ukibadilisha tandiko waachie konzi moja la kiota chao cha zamani kikavu, bila hivyo madume hupigana.

Kwako mkuu, leo toa pumba zote, osha, kausha, weka karatasi au flisi kwa wote wanne kwa wiki mbili. Maranda yatasubiri. Mwenye nyayo nyekundu mwoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mkaushe, na mpe pilipili hoho kila siku, kwa sababu simbilisi hawatengenezi vitamini C na bila hiyo ngozi haifungi. Wanaopiga chafya watenge. Ukiona makamasi, mnyama kuacha kula au kuhema kwa tumbo, nenda kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na usimpe amoksilini wala penisilini ya vidonge kutoka duka la dawa. Dawa za kundi hilo huua bakteria wazuri wa utumbo wa simbilisi, na mnyama hufa ndani ya siku chache kwa kuhara huku mapafu yakiwa yanapona.