Maswali ya wasomaji: benki ya chakula na magunia yanayoota ukungu

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama hapa Dodoma hupokea mahindi na maharagwe kwa wakulima na wafanyabiashara wa soko, kisha tunazigawia kaya zenye njaa. Msimu uliopita magunia mengi yaliota ukungu. Tufanyeje? Na kila kaya ipewe kiasi gani?

JIBU: Gunia lipimwe mlangoni. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, yakizidi hapo, hata ghala safi halitayaokoa. Kama hamna kipima unyevu, chukueni chupa kavu ya kioo, jazeni theluthi yake mahindi, tieni vijiko viwili vya chumvi kavu, tikiseni dakika mbili, iacheni itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Yaanikeni juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Isipoganda, yaongezeeni siku ya jua, kwa kuwa chupa haiwezi kutofautisha 14 na 13.

Msione tunawachosha. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, katika mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu huko kwenu Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi. Chambueni punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizotobolewa, mzitupe. Msimpe kuku, wala ng'ombe wa maziwa, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Mahindi makavu yatieni kwenye mifuko ya kinga njaa, yaani mifuko isiyopitisha hewa. Wadudu kama fukusi na dumuzi hufa humo kwa kukosa hewa, ila mfuko ukifunguliwa kila siku faida hiyo yote inapotea. Fungueni mfuko mmoja siku ya mgao, muumalize. Mifuko ikae juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani ili muone panya wanapopita, na kila mfuko uandikwe tarehe ya kuingia. Ulioingia kwanza utoke kwanza.

Kuhusu mgao, kipimo cha kawaida cha misaada kwa mtu kwa siku ni nafaka gramu 400, maharagwe gramu 60 na mafuta gramu 25. Kaya ya watu watano kwa wiki itahitaji mahindi kilo 14, maharagwe kilo 2.1 na mafuta gramu 875. Pimeni kwa mzani. Kopo likijazwa kwa kilele huku na kufutwa kwa mkono kule, ugomvi huanzia foleni.

SWALI: Benki ya chakula inaweza kumaliza njaa?

JIBU: Peke yake, hapana. Ya kwanza ilianzishwa Phoenix, Marekani, mwaka 1967, na kazi yake ni ileile hadi leo: kuokoa chakula ambacho kingetupwa, kimfikie mwenye njaa. Haipandishi kipato wala haileti mvua. Ukame ukipiga wilaya nzima, wachangiaji wenu nao hukaukiwa, kwa hiyo tafuteni mapema wachangiaji wa mikoa mingine, hasa wanaovuna miezi tofauti na yenu.