Joto limepanda "kwa" au limepanda "hadi"?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili huko Buruburu ameniuliza hivi: "Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu habari kutoka Marekani waitafsiri. Ilisema mataifa yanajitahidi joto la dunia lisipande kwa zaidi ya nyuzi 2.7 za Farenhaiti. Wengi waligeuza nyuzi hizo kuwa za Selsiasi kwa kikokotoo cha simu, wakaandika kwamba joto lisipande kwa zaidi ya 'nyuzi hasi 16'. Nimeirudia hesabu nikapata jibu lilo hilo. Je, kosa liko kwenye Kiswahili chao? Na tuseme 'kilo mbili ya sukari' au 'kilo mbili za sukari'?"

Mwalimu, kikokotoo hakikukosea, na sarufi ya wanafunzi wako ni safi. Walichokipita bila kukitazama ni kihusishi "kwa", na ndicho kilichobeba maana ya tarakimu ile.

Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, inapotangaza bei mpya za mafuta, sikiliza wanavyosema madereva wa matatu. "Petroli imepanda kwa shilingi tano" ni habari moja, "petroli imepanda hadi shilingi tano" ni habari nyingine kabisa, na hakuna dereva atakayezichanganya. Baada ya vitenzi vya mabadiliko kama panda, shuka, ongezeka na pungua, "kwa" hutaja ukubwa wa hatua iliyopigwa. "Hadi", au "mpaka", hutaja pale hatua ilipoishia.

Katika uzani, hata ukivichanganya vihusishi hivyo, hesabu ya kugeuza haiharibiki. Mtu aliyepungua kwa kilo 10 amepungua kwa ratili 22. Aliyepungua hadi kilo 60 amefikia ratili 132. Mara zote mbili umezidisha kwa 2.2 basi, kwa sababu sifuri ya kilo ndiyo sifuri ya ratili: mizani ikiwa tupu, hakuna kilo wala ratili.

Joto halina bahati hiyo. Kipimo alichokitangaza Fahrenheit mwaka 1724 na kile cha Celsius cha mwaka 1742 havina mwanzo mmoja. Maji yanapoganda, Selsiasi tunayoitumia leo husoma sifuri, Farenhaiti husoma 32. Ndiyo sababu tunafundishwa kuzidisha nyuzi za Selsiasi kwa 1.8 kisha kuongeza 32. Hiyo 32 ni pengo kati ya sifuri mbili. Ukitaja kiwango cha joto, lazima ulivuke pengo hilo. Ukitaja ongezeko, pengo halikuhusu, maana umeanza na kumaliza ndani ya kipimo kimoja.

Tuseme ni siku ya Julai hapa Nairobi, asubuhi nyuzi 12 za Selsiasi, alasiri nyuzi 22. Kwa Farenhaiti hizo ni 53.6 na 71.6. Joto limepanda hadi nyuzi 22, yaani 71.6 za Farenhaiti. Limepanda kwa nyuzi 10, yaani 18 za Farenhaiti, toa 53.6 kwenye 71.6 uone. Anayeingiza 10 kwenye kikokotoo anapewa 50, kwa sababu kikokotoo hudhani daima kwamba umeuliza kuhusu "hadi". Hakijui "kwa". Basi 2.7 ya wanafunzi wako ilitakiwa kugawanywa kwa 1.8 tu, bila kutoa 32 kwanza, na jibu ni 1.5, tarakimu ile ile iliyomo katika Mkataba wa Paris wa 2015.

Nakubali kwamba "kwa" yenyewe inatutatiza. Tunasema "oka keki kwa nyuzi 350", na hapo hakuna hatua yoyote, ni kiwango: nyuzi 177 hivi za Selsiasi, ambazo wapishi hukadiria kuwa 180. Ushauri wangu ni kuiachia "kwa" mabadiliko, na kutumia "katika" au "kwenye" kwa viwango: oka katika nyuzi 180, maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, kwa sababu tuko juu sana ya usawa wa bahari. Sheria hii haimo katika kitabu cha sarufi, lakini ingewaokoa watafsiri wengi.

Kuna mtego mwingine wa aina hii, nao ni "mara mbili". Kilo 4 ni mara mbili ya kilo 2, na zikigeuzwa kuwa ratili bado ni mara mbili. Lakini usiandike kwamba nyuzi 30 ni joto mara mbili ya nyuzi 15. Kwa Farenhaiti hizo ni 86 na 59, na ile "mara mbili" imetoweka. Andika "limezidi kwa nyuzi 15", inatosha. Pia, kinachopanda ni joto, si nyuzi: "nyuzijoto zimepanda" tunaisikia kwenye taarifa za hali ya hewa, nami naiona dhaifu. Nyuzi ni za kuhesabia tu.

Sasa sukari. Kilo iko katika ngeli ya I-ZI: kilo moja ya sukari, kilo mbili za sukari, kilo mbili na nusu za nyama. "Kilo mbili ya" imezoeleka madukani, lakini katika maandishi tuisahihishe. Angalia pia neno lililotangulia: "kilo mbili za sukari zimemwagika", ila "sukari kilo mbili imemwagika". Gorogoro hufuata upatanisho huo huo, gorogoro mbili za mahindi, lakini wanafunzi wasiigeuze kuwa kilo kwa kanuni moja. Mkebe ule hupima ujazo, na gorogoro ya mahindi haina uzani sawa na gorogoro ya unga.