Hesabu ya Mwezi Usio na Mpangaji

Wengi wanaotaka kuanza kununua nyumba za kupangisha huniuliza, "Mkopo nipate wapi?" Naomba tutangulize swali jingine: nyumba unayoitaka inabeba mkopo kiasi gani? Ukishajua hilo utakwenda kwa mkopeshaji ukiwa na hesabu ileile atakayoipiga yeye ukishatoka ofisini kwake.

Nyumba yangu ya kwanza niliinunua kwa hesabu ya mstari mmoja: pango, toa rejesho la benki, kinachobaki changu. Mwezi wa nne mpangaji akahama. Nyumba ikakaa wazi wiki tisa, na benki ikaendelea kukata chake tarehe ileile. Nililipa kwa mshahara, na niliyokuwa nimeweka kwa ada za watoto yakaenda humohumo. Usiku mmoja nikakaa na daftari, nikaandika kila kitu ambacho ningepaswa kukiandika kabla ya kusaini.

Chukua mfano, sarafu uitakayo. Nyumba inauzwa 100,000. Una 20,000 za kianzio, unakopa 80,000 kwa miaka 20, riba asilimia 10 kwa mwaka juu ya salio linalopungua, yaani juu ya deni lililobaki tu. Rejesho ni 772 kwa mwezi, pango ni 1,000. Kwa haraka haraka unaona faida ya 228. Sasa toa mwezi mmoja kwa mwaka wa nyumba kukaa tupu, 1,000. Toa matengenezo, tuseme 1,200. Bima na kodi ya jengo, 900. Msimamizi, 900, na kama unasimamia mwenyewe ziandike vilevile, maana muda wako nao una gharama. Kati ya 12,000 za mwaka unabaki na 8,000, na benki inadai 9,264. Kila mwaka utaongezea 1,264 kutoka mfukoni.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo. Hizo 8,000 ni asilimia 8 ya bei, na fedha ya benki unainunua kwa asilimia 10. Hapo kadiri unavyokopa zaidi ndivyo unavyoumia zaidi. Wageni wa kazi hii husikia sana kwamba mkopo hukuza faida. Hukuza na hasara pia, na hilo nawasihi mlisikie mapema.

Wakopeshaji wengi wa nyumba za kupangisha huchukua hizo 8,000 wakazigawa kwa marejesho ya mwaka. Wanataka jibu liwe kama 1.2 au 1.25 kwenda juu. Sisi tumepata 0.86. Ukikopa 55,000, marejesho ya mwaka yanakuwa takriban 6,370 na jibu linafika 1.25. Kwa hiyo nyumba hii inabeba 55,000. Pengo linalobaki ama unalo mkononi, ama muuzaji anapunguza bei, ama unaiacha. Mimi nimeziacha nyumba nyingi kuliko nilizonunua.

Tukija kwenye vyanzo vya fedha, kwa anayeanza ninapenda zaidi nyumba yenye sehemu mbili au tatu, ukaishi katika moja na kupangisha nyingine. Mara nyingi mkopo wa nyumba unayoishi huwa na masharti nafuu kuliko wa nyumba ya kupangisha peke yake, na utajifunza kazi ya mwenye nyumba ukiwa papo hapo. Ubia nao unafaa, mradi mwandike tangu mwanzo nani analipia paa likivuja na mmoja akitaka kutoka analipwaje. Kuna wauzaji wanaokubali kulipwa kidogo kidogo. Hapo hakikisha hati miliki haiko rehani. Unaweza kumlipa muuzaji miaka mitatu bila kukosa, halafu benki yake ikaja kuipiga nyumba mnada. Nenda mwenyewe kwenye masjala ya ardhi, usiridhike na nakala iliyo mkononi mwa dalali.

Mkopeshaji akikutajia riba, muulize inapigwa juu ya nini. Asilimia 10 inayopigwa juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa miaka 5, ukiipima kwa salio linalopungua, ni zaidi ya asilimia 17. Muulize pia kama riba inaweza kupanda katikati ya safari. Ule mkopo wa 80,000, riba ikiwa asilimia 13 badala ya 10, rejesho ni 937. Usisahau faini ya kumaliza deni mapema.

Na usitegemee kuuza haraka. Katika rejesho la kwanza la 772, riba inachukua 667. Deni linapungua 105 tu. Mwaka ukiisha umelipa 9,264, na deni limeshuka kama 1,320.

Ukaguzi wa jengo ni somo refu, nitagusa moja. Nenda mvua inaponyesha, uinue macho. Niliwahi kuona dari iliyopakwa rangi mpya pembe moja tu, nyeupe kuliko kwingine. Nilipobonyeza kwa kidole ubao ukazama kama mkate uliolowa. Mlipe fundi asiyefahamiana na muuzaji akague, hata kama ada yake inakukereketa.

Mwisho, zile 20,000 usizimalizie kwenye kianzio. Kuna ada za uthamini, mwanasheria na usajili, na baada ya hizo ninataka uwe na marejesho ya miezi sita kwenye akaunti usiyoigusa. Kwa mkopo wa 55,000 ni kama 3,185. Mimi sisaini chochote kabla hazijaingia humo.