Trasirodi haishushi nyuzi: kwa mnaoanza ufundi wa besi

Wadogo zangu, nimeyaona tena wiki hii. Gitaa la besi limeletwa, mwenyewe analalamika nyuzi ziko juu, na kabla hajamaliza kueleza, mtu keshafungua kifuniko cha kichwani na alenki, ule ufunguo wa pembe sita, iko ndani. Hapana. Kaeni kidogo tuongee.

1. Trasirodi, chuma kirefu kilicho ndani ya shingo, inashughulikia upinde wa shingo, basi. Nyuzi nne za besi zikishatyuniwa huivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 80, na chuma hicho kimewekwa ndani ili kuirudisha. Ukikaza, upinde unapungua na nyuzi zinashuka kidogo, na kushuka huko ndiko kunakowaponza. Kimo cha nyuzi juu ya shingo kinapangwa kwa skrubu za darajani, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini.

2. Pima kabla ya kugusa. Tyuni jinsi mwenyewe anavyopiga, weka kapo (kibano cha kubana nyuzi) kwenye freti ya kwanza, yaani kijiti cha kwanza cha chuma kinachokata shingo, bonyeza uzi pale shingo inapokutana na mwili, kisha pitisha fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Mimi huanzia milimita 0.3, anayepiga kwa nguvu nampa 0.4. Besi iwe imesimama kama inavyopigwa, isilale chali mezani ikiegemea kichwa chake.

3. Sikiliza uzi unagonga wapi. Ukigonga freti za mwanzo, huenda shingo imenyooka kupita kiasi au imebinuka nyuma, kwa hiyo legeza. Ukigonga kuanzia ya 12 kwenda juu, shuku upinde uliozidi. Ukigonga freti moja tu, tatizo ni hiyo freti, na hakuna trasirodi itakayoiponya.

4. Alenki iwe saizi yake. Hapa nitakaa, maana ndipo tulipoumia. Kijana mmoja wa kwetu, mwenye mikono mizuri kuliko wengi wa umri wake, alipokea besi ambayo nati ya trasirodi, ile inayokazwa kwa alenki, ina tundu la inchi 1/8. Hiyo ni milimita 3.175. Alenki ya milimita 3 inaingia humo bila shida, inazunguka, na unaona kama inafanya kazi. Akakaza ili ashushe nyuzi. Zikashuka. Freti za mwanzo zikaanza kugonga, akapandisha darajani. Nyuzi zikarudi juu, akakaza tena. Alizunguka hivyo asubuhi nzima, kila jambo analolirekebisha likiharibu lile alilomaliza. Nati ilipokuwa ngumu hakuuliza, akachomeka kipande cha bomba kwenye alenki apate nguvu zaidi.

Nilipofika nilimulika tochi kwenye tundu. Chini kulikuwa na unga wa mbao na rangi vimegandamana, hivyo alenki haikuwahi kuzama. Ilikuwa imeshika midomo ya nati tu. Kuta sita za lile tundu zilikuwa zimelika hadi kubaki karibu duara, na chembe za chuma zinang'aa pembeni. Sindano moja ya kuchokoa uchafu ingeokoa yote. Tuliitoa nati ile kwa taabu, polepole, tukaweka mpya. Ilikuwa bahati. Angekata chuma chenyewe, ingebidi kubandua ubao wa freti au kubadilisha shingo, na hiyo si habari unayotaka kumpa mtu anayekungoja na mkoba wa besi mgongoni. Kijana alilia. Sikumgombeza, kwa sababu anaipenda kazi hii. Ila nawagombeza ninyi mapema: nati ikigoma, acha, niite.

5. Robo mzunguko, tyuni, pima. Shingo nyingine haitulii hadi kesho yake, kwa hiyo usimwahidi mtu jioni hiyohiyo.

6. Kabla ya kukaza, legeza kidogo kwanza, usikie kama nati iko huru.

7. Baadhi ya besi, hasa zinazofuata muundo wa Fender Precision ya miaka ya 1950, nati yake iko upande wa mwili. Kulegeza nyuzi, kufungua shingo, kugeuza, kufunga, kutyuni, kupima, kisha kurudia. Najua inachosha. Msijaribu kuifikia kwa bisibisi iliyopindwa. Nimeona pikgadi, vile vibao vya kukinga mwili wa besi, zilivyochanika.

8. Utaratibu ni shingo, kimo cha nyuzi, halafu intonesheni, yaani kuhakikisha noti ni sahihi shingo nzima. Ukigusa shingo mwishoni, umejirudisha mwanzo.

9. Muulize mwenye besi anatumia nyuzi za unene gani. Juzi tulimaliza kila kitu, besi inaimba vizuri, ndipo mwenyewe akasema kesho anafunga seti nene zaidi. Seti hiyo itaivuta shingo zaidi, na upinde utaongezeka. Mwambieni azilete hizo nyuzi mapema. Zifungeni, zityunini, mziache zitulie, ndipo alenki itoke kwenye droo.