Mgongo mbovu na kazi ya magunia: jibu kwa ndugu wa Likoni

Ndugu yangu, nimekusoma vizuri. Unapakia na kupakua magunia ya sukari na mchele kwenye magodauni ya Shimanzi hapa Mombasa, kiuno kimekusumbua zaidi ya mwaka, na sasa maumivu yanateremka pajani mpaka chini ya goti. Daktari kakwambia uache kazi nzito. Mkeo kakuuliza mtakula nini. Nawe unauliza kama kuna njia ya katikati, au uuze ulichonacho utafute tuktuk.

Njia ya katikati ipo, na mimi ndiyo ninayoishi nayo miaka hii yote. Mgongo wangu haujapona kabisa na sidhani kama utapona, lakini nafanya kazi, nalala usingizi, na siku za kushindwa kuvaa soksi zimekuwa chache. Kilichonisaidia kuliko dawa na kuliko mkandaji ni kubadilisha kazi ninayoishika ndani ya gangi, na saa ninayoishika. Nitalieleza hilo kwa urefu. Mengine nitayapitia haraka.

Ila kwanza lile lisilo na mjadala. Ukiona ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo umeziba au unatoka wenyewe, haja kubwa huizuii, au wayo unaburuta ukitembea, usingoje Jumatatu wala usimwite mkandaji. Nenda hospitali kuu pale Makadara, idara ya dharura, siku hiyohiyo. Huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa vibaya, na kila saa ina maana. Vilevile mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kupungua mwili, upimwe kifua kikuu, maana TB hushika hata pingili za uti. Kama huna hata moja katika hayo, tulia. Maumivu ya mguu kama yako mara nyingi hutoka kwenye diski, ule mto laini kati ya pingili za uti, ikiwa imesukumana na mshipa, na wengi hupata nafuu bila kisu, ingawa huchukua wiki na miezi.

Sasa kazi. Mpita njia akiona hamali ana gunia la kilo 50 begani hudhani mgongo unavunjikia hapo. Gunia likishakaa sawa juu ya bega au juu ya ngata, uti umenyooka, uzito unashuka wima hadi miguuni, na safari yenyewe si mbaya. Balaa liko kwenye kutwishana na kutua. Itazame gangi yoyote ikipakia lori kutoka sakafuni: wawili wanashika gunia kwa masikio yake, wanainama, wanahesabu, wanalirusha juu. Mmoja wao lori liko ubavuni mwake badala ya kuwa mbele, kwa hiyo anapinda kiuno akiwa bado ameinama, na uzito uko mbali na tumbo. Kuinama na kujipinda kwa pamoja, mikono imenyooka, ndiyo mchanganyiko unaoimaliza diski. Tena wakati wa kupakua, mlundo ukishuka, safu za chini zinakukuta umeshachoka, na ndizo zinazohitaji kuinama zaidi.

Kwa hiyo jipange hivi. Kama gari linapakuliwa, omba nafasi ya mbebaji: gunia linatoka kwenye bodi la lori likiwa juu, linakuja moja kwa moja begani, huinami hata kidogo. Kama gari linapakiwa kutoka chini, uwe wa kupanga juu ya lori kwenye safu za katikati, au ubebe, lakini ukwepe kutwisha saa nzima mfululizo. Ukilazimika kutwisha, zungusha miguu. Hamisha unyayo kwanza, kiuno kifuate. Gunia lije kugusa tumbo lako kabla hujasimama. Na usiwe na haya ya kumwambia dereva arudishe lori nyuma lielekee mlundo vizuri. Dakika mbili za kugombana na dereva ni nafuu kuliko siku nzima ya kujipinda.

Sisi tulianza pia kuweka paleti tupu, yale majukwaa ya mbao, chini kabla ya kupanga, moja juu ya nyingine, ili gunia la chini kabisa liwe karibu na usawa wa goti. Nyapara alikataa. Alisema tunapoteza nafasi ya kwenda juu. Hapo nikajifunza namna ya kuzungumza na nyapara: mgongo wako haumhusu, mzigo unamhusu. Tukamwonyesha magunia ya sukari yaliyolala kwenye saruji, jinsi unyevu wa Mombasa ulivyoyafanya yagande upande mmoja, na mwenye mali anavyolalamika. Wiki iliyofuata paleti zilikuwa amri yake yeye.

Zamu nazo. Gangi inalipwa kwa tani na kugawana, kwa hiyo hakuna anayepoteza senti mkibadilishana kazi kila lori linapokwisha: aliyetwisha abebe, aliyebeba apange. Vijana watakucheka, watakuita mzee. Waache. Ukiangalia wale wanaojivunia kubeba mawili kwa mpigo, utaona hawadumu katika kazi hii.

Jambo la saa. Usiku ukiwa umelala, diski hunywa maji na kujaa. Ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo haipendi kuinamishwa, hasa saa ya kwanza baada ya kuamka. Usiiname kufua, usiiname kuinua ndoo, usifanye yale mazoezi ya kugusa vidole vya miguu alfajiri kama ulivyoandika. Simama, tembea. Wewe unavuka feri, hiyo ni bahati: simama melini badala ya kutafuta pa kukaa, na ukishashuka upande wa kisiwani tembea kipande cha njia kabla ya kupanda gari. Ukifika kazini mwili umeshapata moto. Kwa swala ya alfajiri, ikiwa rukuu inakuchoma mpaka mguuni, dini imeruhusu kuswali umekaa. Muulize imamu wako kama una shaka, lakini usijitese kwa kuona haya msikitini.

Kuhusu kulala kitandani wiki nzima ulivyoshauriwa na shemeji yako: hapana. Siku moja au mbili za kupumzika maumivu yakiwa makali, sawa. Zaidi ya hapo misuli inalegea na mgongo unakuwa mgumu, na ukirudi kazini unaumia upya. Hata godoro, lile la kulala sakafuni wanalolisifu wazee si lazima. Godoro lisilozama na lisilo gumu kama ubao linatosha, ulale ubavu na mto katikati ya magoti. Kitanda cha kamba kilicholegea ndicho adui. Kikaze au ukitoe.

Dawa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu umeandika unameza diklofenaki kila siku kabla ya kazi, kwa kununua tu duka la dawa. Ile dawa inasaidia, kwa siku chache, baada ya kula. Ukiimeza kila siku tumbo linaweza kupata vidonda, na figo zinaweza kupata shida, hasa kwa mtu anayetoka jasho godaunini chini ya mabati na hanywi maji ya kutosha. Ramadhani ni hatari zaidi: watu wanaimeza usiku wa manane tumbo tupu wasikose kazi, kisha wanashinda na kiu. Kama unafunga na lazima uitumie, iwe baada ya kufuturu au kwa daku iliyoshiba, na umwambie daktari unafunga. Sindano ya kila Ijumaa anayokupiga yule jamaa wa mtaani usirudie. Hujui mna nini ndani.

Na muguka, yale majani ya kutafuna ya kuchangamsha kama miraa. Gavana wetu Abdulswamad Nassir alipoupiga marufuku mwaka 2024, nusu ya gangi ilikasirika mpaka mambo yakaenda mahakamani na sisi tukiendelea kubishana. Mimi sina ugomvi na anayetafuna kwa starehe yake. Ninachosema ni kwamba ukitafuna ili usisikie uchovu, unabeba safu za mwisho kwa nguvu ambazo huna, kisha usiku hulali, na mgongo usiolala hauvumilii chochote kesho yake.

Chuku nimepigwa, na kukandwa na mafuta ya nazi yenye karafuu nimekandwa. Nafuu nilipata, ya jioni ile na pengine kesho yake. Joto na mkono wa mtu hulegeza misuli, hilo ni kweli. Ila akikwambia atairudisha diski mahali pake kwa kuvuta mguu na kukukanyaga mgongoni, chukua shati lako uondoke. Picha za MRI nazo usizikimbilie kwa kukopa. Watu wengi wasioumwa wakipigwa picha wanaonekana diski zimevimba, kwa hiyo picha pekee haikwambii cha kufanya. Ina maana pale daktari anapofikiria upasuaji, au ameona mojawapo ya zile dalili za hatari.

Pesa yako ipeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Yeye atakupima, aone ni mwelekeo gani unaotuliza mguu. Kwangu ilikuwa kulala kifudifudi na kuinua kifua kwa viwiko, kisha kwa mikono, kiuno kikibaki chini. Alinifundisha ishara moja ninayoifuata mpaka leo: maumivu yakitoka mguuni na kurudi kiunoni, hata kama kiuno kinauma zaidi kwa muda, unakwenda vizuri. Yakizidi kuteremka mguuni, acha zoezi hilo. Kuna ambao kuinua kifua kunawazidishia, ndiyo maana usiige zoezi la mtu, langu likiwemo. Kazini huwa nasimama kila baada ya lori, mikono kiunoni, najirudisha nyuma taratibu mara kadhaa. Jumapili naenda baharini, pale Pirates, maji yakiwa ya kifuani natembea tu. Huhitaji kujua kuogelea.

Mkanda wa kiuno uliouliza: haujathibitika kumkinga mtu asiye na maumivu asiumie. Ukikupa moyo siku mbaya uvae kwa kazi ile tu, usishinde nao, na usikufanye ubebe zaidi.

Upande wa haki, usiupuuze kwa sababu wewe ni kibarua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kukubebesha mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kukuumiza. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 mara kwa mara, kwa hiyo lile gunia la mahindi la kilo 90 una hoja ya kulikataa au kulibeba wawili. Ukiumia siku fulani kwa tukio fulani, mwambie mwajiri hapohapo na ushahidi wa wenzako uwepo: chini ya sheria ya fidia ya 2007, ile WIBA, yeye anatakiwa kuripoti ndani ya siku 7, na dai lako liwe limeingia ndani ya miezi 12. Mgongo ulioharibika polepole bila tukio ni mgumu kuudai, nimeona watu wakizungushwa. Kwa hiyo andika tarehe za siku unazoumia, ziwe kwenye kadi ya hospitali. Na kama umeshafanya miezi miwili mfululizo kwa mwajiri mmoja, unastahili ruhusa ya ugonjwa kwa mwaka, siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Wengi hawaombi kwa kuogopa kutoitwa kesho. Naelewa hofu hiyo, ninayo pia, lakini gangi nzima ikiomba pamoja nawe, nyapara hana wa kumwacha nje.

Sasa tuktuk. Kukaa siku nzima kwenye kiti kifupi, mashimo ya barabara yanakurusha kutoka chini, hiyo pia inajulikana kuumiza kiuno, na kwa diski yenye tabia kama yako kukaa kunaweza kuwa kubaya kuliko kubeba. Umesema mwenyewe kwamba maumivu huzidi ukikaa kwenye matatu. Kabla hujauza chochote, muombe jirani yako mwenye tuktuk akuachie zamu chache uendeshe kutwa nzima, uone mguu unasemaje usiku. Ukishindwa, kuna kazi ndani ya godauni hilihili ambazo watu huzidharau: kushona magunia yaliyopasuka ukiwa umesimama mezani, kuhesabu na karani, kupokea foklifti. Malipo ni madogo. Muulize nyapara lini atahitaji mtu, maana nafasi hizo hazitangazwi, anapewa aliyeomba mapema.