Bomba la faiba linatoa jasho ilhali shinikizo halijavuka kiwango: tazama mizigo inayoungana

Ndugu yangu, umeeleza kwamba bomba lenu la maji ya bahari, lililotengenezwa kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikanishwa na resini ya epoksi (gundi inayokauka na kuwa ngumu), lenye kipenyo cha milimita 300 na ukuta wa milimita 6, limeanza kutoa jasho, yaani maji kupenya ukuta na kuonekana kwa nje, karibu na kona, ilhali geji haijawahi kupita baa 10 na cheti kinaruhusu baa 16. Nimefanya kazi ya kupima na kukagua mabomba ya aina hii katika mitambo ya Ghuba, na hali hii nimekutana nayo mara nyingi. Cheti chenu yawezekana ni sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba kinahusu shinikizo peke yake, wakati kona yenu inabeba shinikizo pamoja na kupindwa, tena kwa kurudiarudia.

Nyuzi za mabomba haya huzungushwa kwa pembe ya takriban digrii 55 kutoka kwenye mhimili, na pembe hiyo ina sababu. Bomba lililozibwa ncha zote mbili linapojazwa shinikizo, mkazo (nguvu kwa kila kipimo cha eneo) wa kuuzunguka ukuta huwa mara mbili ya mkazo wa kwenda na urefu, na hesabu inayochukulia kuwa nyuzi pekee ndizo zinazobeba mzigo hutoa digrii 54.7 kwa uwiano huo wa 2 kwa 1. Uwiano ukibadilika, sehemu ya mzigo huiangukia resini, ambayo ni dhaifu kuliko nyuzi kwa mbali sana. Ndiyo maana bomba hilohilo likivutwa kwa urefu tu huharibika kwa mkazo mdogo mno ukilinganisha na ule linaouhimili likiwa na shinikizo la kawaida.

Tufanye hesabu ya bomba lenu. Baa 10 ni megapaskali 1, hivyo mkazo wa kuzunguka ni takriban megapaskali 25 na wa urefu ni 12.5. Chukulia kwamba kishikio cha kona kimelegea, kona inayumba kila pampu inapowaka, na kupinda huko kunaongeza megapaskali 15 za urefu upande mmoja wa bomba. Mkazo wa urefu unafika 27.5, umeshapita ule wa kuzunguka, na geji ya shinikizo haionyeshi badiliko lolote.

Uchovu wa faiba, yaani uharibifu unaoletwa na mzigo unaorudiwarudiwa, haufanani na ule wa chuma, ambako mara nyingi ufa mmoja huanza mahali fulani na kukua hadi chuma kinakatika. Hapa huanza nyufa ndogondogo nyingi ndani ya resini, sambamba na nyuzi, hasa pale resini inapoanza kuachana na uso wa nyuzi. Nyufa huongezeka, ukakamavu wa bomba hushuka haraka mwanzoni kisha polepole kwa muda mrefu, na zile za tabaka moja zinapokutana na za tabaka jingine, matabaka huanza kubanduka. Njia za maji hufunguka hapo, kabla nyuzi zenyewe hazijakatika, na jasho mnaloliona ni dalili ya hatua hiyo. Bomba lisilopakwa rangi huonyesha mapema zaidi: utaona michirizi myeupe inayofuata pembe ya nyuzi, na ninawasihi muitafute upande wa pili wa kona pia.

Umesema pampu huwaka na kuzimwa mara 4 kwa saa. Hiyo ni mizunguko 96 kwa siku, zaidi ya 35,000 kwa mwaka. Kiwango cha kimataifa cha mabomba ya aina hii, ISO 14692, katika toleo lake la mwaka 2002 kilihesabu mzigo kuwa tuli ikiwa mizunguko ya maisha yote ya bomba haifiki 7,000. Ninyi mliifikisha katika miezi miwili na nusu hivi. Msijaribu kukadiria maisha yaliyobaki kwa kujumlisha tu sehemu ya maisha inayoliwa na kila mzigo kama inavyofanywa kwa chuma, kwa sababu katika faiba mpangilio wa mizigo mikubwa na midogo hubadilisha matokeo, na vilevile hubadilika kutegemea kama shinikizo na kupinda vinafikia kilele kwa wakati mmoja au kwa kupishana.

Msiridhike na kuzungushia bandeji ya faiba kwa nje huku maji yakiendelea kupenya ukuta wa ndani na kudhoofisha mshikamano wa resini na nyuzi. Kipande kinachotoa jasho kibadilishwe. Kabla ya kufunga kipya, bandikeni vipima-mnyumbuko (vihisio vidogo vinavyopima jinsi ukuta unavyonyooka au kubanwa) pande nne za bomba karibu na kona, viwili viwili, kimoja kwa urefu na kimoja kwa kuzunguka, kisha muwashe pampu na kurekodi mwendo mzima wa kuwaka na kuzima. Vipimo vikionyesha kupinda, kazeni au ongezeni kishikio, pampu iwekewe kiwashio cha polepole, na mtengenezaji aagizwe kipande cha kona chenye matabaka ya ziada yaliyolala karibu na mhimili, kwa vipimo mlivyovipata ninyi wenyewe.