Darasa linachoma mchana: tununue feni?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Uyui, Tabora. Madarasa yetu ni ya tofali za kuchoma, mabati yameshika kutu na hakuna silingi bodi. Kuanzia Septemba, ikifika saa saba watoto wanasinzia, wengine wanalalamika kichwa. Kamati ya shule ina fedha za feni mbili. Tununue?

Jibu: Mwalimu, subirini kwanza. Feni haipozi hewa, inaisukuma tu. Jasho likikauka mtoto anapata nafuu, lakini joto la chumba liko pale pale, na feni mbili haziwafikii watoto wote. Fedha hizo zipandisheni juu ya bati.

Jaribu hivi. Saa nane simama chini ya mwembe, kisha ingia darasani usimame katikati. Utasikia utosi unaungua kama mtu aliyeinamia jiko la mkaa. Hilo ni bati linalowamwagia watoto joto, hata madirisha yakiwa wazi. Tabora iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo wiki ya kwanza ya Oktoba, mnamo saa sita na nusu mchana, jua linakuwa wima kabisa juu ya paa lenu. Na bati lenye kutu linalinywa jua hilo, wakati rangi nyeupe ingelirudisha sehemu kubwa.

Basi sugueni kutu kwa brashi ya waya, osheni, likauke, lipigwe praima ya kuzuia kutu, halafu rangi nyeupe ya nje mikono miwili. Kazi iishe Septemba, kabla ya mvua za Novemba. Chokaa ya kuchanganya na chumvi, ile ya ukutani, nawasihi msiipake: chumvi inakula bati. Kama mnakinga maji ya paa kwenye simtanki, ulizeni dukani rangi isiyo na madini ya risasi (lead), na maji ya mvua za mwanzo yaacheni yamwagike. Fundi akanyage ubao uliolala juu ya mbao za paa, maana bati bovu halibebi mtu.

Baada ya hapo, hewa ya moto ipate pa kutokea. Toeni tofali chache juu kabisa ya gebo, yaani ukuta wa pembetatu chini ya paa, pande zote mbili, wekeni tofali za matundu na wavu wa kuzuia popo. Silingi bodi ije fedha zikipatikana, inasaidia sana. Upande wa magharibi pandeni miti, kwa sababu jua la alasiri huingia limelala na paa haliwezi kulizuia.

Masweta yananiuma. Nimeona mtoto amevaa sweta saa saba mchana kwa sababu ni sare. Yavuliwe, ndoo ya maji ya kunywa iwe darasani, na hesabu zisomwe asubuhi. Mtoto akianza kuongea ovyo au kuanguka, mpelekeni kivulini, mloweshe mwili mzima, mpepeeni, na safari ya zahanati ianze mara moja. Akiwa hajitambui msimnyweshe kitu.

Fedha zikitosha darasa moja tu, pakeni hilo. Tundikeni kipimajoto kimoja humo na kingine darasa la jirani, kwenye usawa wa vichwa vya watoto waliokaa, msome saa nane kila siku kwa wiki mbili. Namba hizo ndizo mzipeleke kwenye kikao cha wazazi kuombea darasa la pili.